Namba Isiyogawanyika

Nchi yetu ni nchi tulivu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhania vibaya huko mbele. Jina lake sitalitaja, si kwa woga, ila kwa sababu jina lenyewe liko kwenye Kamati ya Majina kwa marekebisho, na mpaka litakaporudi tumeruhusiwa kusema "hapa kwetu".

Basi hapa kwetu tulihesabiwa. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba, wakaulizia redio, mbuzi na waliolala humo, wakaondoka na kuku wawili wa mama mkwe wangu ambao nao sijui waliandikwa wapi. Baada ya miezi kadhaa matokeo yakasomwa redioni. Tulikuwa milioni kumi kamili. Wapo waliojiuliza ni kamili namna gani, lakini Mkurugenzi wa Takwimu alieleza kwamba watu wenye nidhamu hawaachi chenji.

Kisha ikagundulika kwamba Mheshimiwa Mkuu mwenyewe hakuhesabiwa. Mhesabuji aliyepangiwa Ikulu alifika hadi getini, akaliangalia swali la kwanza, lililouliza kama nyumba ina choo cha shimo, akageuza. Kwa hiyo Mheshimiwa akaongezwa juu yetu, peke yake, na taifa likawa na watu 10,000,001: sisi milioni kumi, na yeye.

Profesa Tindwa wa Chuo Kikuu ndiye aliyepewa kazi ya kuichunguza namba hiyo. Alipomaliza tuliitwa uwanjani kumsikiliza. Tulikwenda sote, maana maduka yalikuwa yamefungwa na polisi walikuwa wanapita kukumbusha.

"Ndugu wananchi," alisema Profesa, "namba hii nimeitazama mbele na nyuma. Ukiisoma kutoka kushoto ni ile ile. Ukiisoma kutoka kulia ni ile ile. Maana yake ni kwamba hapa kwetu hakuna wa kushoto wala wa kulia."

Chama cha upinzani, ambacho kilikuwa na ofisi moja na bendera mbili, kilifungwa mchana ule ule kwa sababu za kihisabati.

"Pili, ina tarakimu nane. Ya kwanza ni moja, ya mwisho ni moja. Moja ya mwanzo ni Mheshimiwa Mkuu, kwa kuwa yeye ndiye anayeanza. Moja ya mwisho pia ni Mheshimiwa Mkuu, kwa kuwa yeye ndiye anayemaliza. Katikati kuna sifuri sita. Hizo ni wananchi."

Tulipiga makofi. Mzee aliyekaa mbele yangu aliuliza kama sifuri ni kitu kizuri, na Profesa akamjibu kwa upole kwamba bila sifuri hizo ingebaki kumi na moja tu, namba ndogo isiyoweza kumdhuru mtu.

"Tatu, na hili ndilo kubwa. Tuchukue milioni kumi, bila Mheshimiwa. Inagawanyika kwa mbili. Inagawanyika kwa nne, kwa tano, kwa nane, kwa kumi. Ni nchi ya kupasuliwa kama andazi. Sasa mwongezeni Mheshimiwa, halafu mgawe. Kwa mbili, anabaki mtu mmoja. Kwa tatu, wanabaki wawili. Kwa nne, mmoja. Kwa tano, mmoja. Kwa sita, watano. Kwa saba, wanne. Kwa nane, mmoja. Kwa tisa, wawili. Kwa kumi, mmoja. Ndugu wananchi, hii ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Na aliyeifanya isigawanyike ni mtu mmoja."

Watu walilia. Mimi pia nililia, kwa kuwa jua lilikuwa kali na nilikuwa na mimba changa.

Hapa nieleze kwa nini Profesa aliishia kumi. Zamani madaftari ya shule yalikuwa na jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Mwaka mmoja ikaamuliwa jalada hilo liwekwe picha ya Mheshimiwa Mkuu akicheka, na kwa kuwa kicheko chake ni kipana, mistari miwili ya chini iliondolewa. Tangu hapo sote tumesoma kuzidisha hadi kumi, Profesa akiwemo, na hakuna aliyeona pengo. Kwenye kumi kulikuwa na kidevu cha Mheshimiwa, na huwezi kuhesabu kupita kidevu cha mkuu wako.

Namba ikatiwa kwenye wimbo wa taifa, kwenye mihuri na kwenye khanga. Sheria ikatungwa kwamba isiongezeke wala isipungue. Kuanzia siku ile mtoto akizaliwa hahesabiwi mpaka mtu mwingine afe, na mtu akifa hahesabiwi kafa mpaka mtoto apatikane wa kuziba nafasi. Foleni zote mbili zilikuwa ndefu, lakini zilikwenda kwa utaratibu.

Aliyeharibu mambo ni Waziri wa Michezo na Utulivu. Hakukusudia. Alitaka tu kumfurahisha mkubwa wake, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ya Umoja akaja redioni na tangazo kwamba wizara yake imeligawa taifa zima katika timu za mpira wa miguu, kila mwananchi na timu yake, ili sote tukimbie pamoja.

"Na ninayo furaha isiyo kifani," alisema, "kuwatangazia kwamba zoezi limekwenda vizuri kupita matarajio. Tumepata timu laki tisa, elfu tisa na tisini na moja. Kila timu ina wachezaji kumi na mmoja. Hakuna mtu hata mmoja aliyebaki nje. Hata Mheshimiwa Mkuu tumempatia namba, anacheza winga."

Wakapiga ngoma kidogo, kisha ngoma zikakatika. Redio ilinyamaza mpaka jioni. Nchi nzima tulikaa kimya tukiisikiliza, kwa sababu kila mtu alikuwa ameelewa na hakuna aliyetaka kuonekana ameelewa.

Waziri yule sasa ni balozi mahali fulani baridi.

Msomaji wa nchi nyingine atadhani serikali ilibadilisha namba. Namba ya taifa haibadilishwi. Kilichofanyika ni kwamba kumi na moja ilipigwa marufuku. Waraka ulisema kwamba, baada ya uchunguzi, kumi na moja imebainika kuwa namba ya uchochezi yenye nia ya kuligawa taifa, na kwamba kuanzia sasa baada ya kumi inakuja kumi na mbili.

Timu za mpira zikawa za watu kumi. Mwezi wa kumi ulipoisha tukaingia wa kumi na mbili, na waliokuwa na kesi katikati walifungwa kwa kutohudhuria. Saa ndizo zilizoleta utata. Saa kumi na moja ilifutwa, hilo lilikuwa wazi. Lakini askari waliotumwa kukagua waliona kwenye uso wa kila saa tarakimu 11 imekaa pale juu kushoto, pale tunaposoma saa tano, wakaamuru ikwanguliwe. Kwa hiyo tukapoteza saa tano pia. Watu wakawa wanakunywa chai ya asubuhi kisha wanashtukia ni adhuhuri.

Kazi ya kukwangua katika mtaa wetu alipewa baba mkwe wangu, Mzee Chande, aliyekuwa fundi saa. Alikaa kibarazani siku nzima na kile kioo chake kidogo cha kubana jichoni, saa za watu zimejaa kwenye ungo, akikwangua moja baada ya nyingine. Nilimpelekea maji.

"Mwanangu Siwema," akaniambia, "saa hizi zinatembea vile vile. Mshale ukifika pale hausimami."

"Tusiseme kwa sauti, baba."

"Sisemi mimi. Ni zenyewe zinasema."

Nilimpenda yule mzee. Siku niliyoolewa pale, wakati wengine wanaangalia kimo changu na mikono yangu, yeye aliuliza kama nimekula. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Baada ya saa wakaja kwenye nyumba. Waraka wa pili ulisema kwamba kaya yoyote yenye watu kumi na mmoja ni mfano mbaya, na ni lazima ijirekebishe: ipungue iwe ya kumi, au iongezeke iwe ya kumi na wawili. Sisi nyumbani tulikuwa hivi: Mzee Chande na mkewe Bi Mgeni, mume wangu Hemedi na mimi, wadogo wa Hemedi watatu, shangazi yake mjane, Mwanakombo, na watoto wake watatu. Nilihesabu mara nyingi nikitumaini nimekosea.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kutupa habari. Alisimama mlangoni, hakukubali kukaa.

"Mkaguzi atapita Ijumaa," alisema. "Hamna ndugu wa kumleta hapa?"

"Nani ataachia mtu wake?" akasema Hemedi. "Jirani ana kumi na wawili. Akitoa mmoja anakuwa kama sisi."

"Hilo nalijua. Nauliza tu, ili niseme niliuliza."

"Na huyo anayepunguzwa anapelekwa wapi?" akauliza Bi Mgeni.

"Anahamishiwa kaya ya Mheshimiwa Mkuu, bi mkubwa. Kwa hesabu. Jumla ya taifa isivurugike."

"Kwa hesabu, au kwa gari?"

Balozi akasema ana nyumba nyingine za kupitia.

Ndipo wote wakaligeukia tumbo langu. Mimba ilikuwa imetimia. Nikizaa kabla ya Ijumaa tungekuwa kumi na wawili, na nyumba nzima ingesalimika. Sheria ya foleni tuliijua, ila tulidhani ni ya hesabu ya taifa, si ya nyumba. Sijawahi kutunzwa vile maishani mwangu. Shangazi Mwanakombo, ambaye kwa kawaida hunisalimia kwa kidevu, alinikanda mgongo kwa mafuta ya nazi na kunitembeza uani kama mgonjwa wa heshima. Wadogo wa Hemedi waliniletea maembe mabichi. Watoto walikuja kuongea na tumbo, wakamwambia aliyemo atoke. Bi Mgeni yeye hakulisogelea tumbo. Alipika tu.

Alhamisi mchana nilijifungua, mtoto wa kiume, hapo hapo nyumbani, mikononi mwa Bi Mgeni. Alilia vizuri. Nikasikia uani watu wanahesabu kwa pamoja, mmoja, wawili, watatu, mpaka kumi na wawili, halafu wakacheka. Hemedi aliingia akanishika mguu, maana mikono ilikuwa imejaa mtoto. Siku ile tulikula wali na nazi kwenye mkeka mmoja, na Mzee Chande akaimba kitu cha ujanani mwake ambacho mkewe alimkataza kukimalizia mbele ya watoto. Tulifurahi kweli. Nilidhani mambo yamekwisha.

Ijumaa mkaguzi akafika. Aliitwa Bwana Nyange, mtu safi, mwenye sauti ya chini na leso iliyopigwa pasi. Alitupanga kibarazani, akatuhesabu kwa kutugusa mabega.

"Mko namba isiyotajika," akasema.

"Tuko kumi na wawili," akasema Hemedi. "Kuna na huyu."

Bwana Nyange akainama, akamtazama mtoto, akamchekea, hata akamtekenya shavu.

"Hongereni sana. Huyu ni Mwananchi Mtarajiwa. Nafasi ikipatikana ataarifiwa."

"Lakini amezaliwa," nikasema.

"Hakuna anayekataa, mama. Amezaliwa. Bado hajawa mtu. Taifa likimpokea leo tunakuwa milioni kumi, na watu wawili juu yake, unaliona hilo? Namba hiyo inagawanyika kwa mbili hata na mtoto wa darasa la kwanza." Akaangalia mahali saa yake ilipokuwa imekwanguliwa. "Nitakunywa chai. Nikimaliza kikombe mnipe jina."

Shangazi Mwanakombo akamletea chai, iliyojaa sana, ya moto sana. Namshukuru kwa hilo. Kisha akarudi, akakaa, akasema akiangalia sakafu:

"Mila ni kwamba aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza."

Aliyeingia mwisho katika nyumba ile nilikuwa mimi. Hakuna aliyenitazama. Hemedi akasogeza kisahani cha chai kikae sawa mbele ya mkaguzi. Sikumkasirikia. Sikuwa na hisia yoyote, isipokuwa maziwa yalikuwa yameanza kutoka na kulowesha gauni, na niliona aibu mbele ya mgeni.

"Mwanakombo," akasema Mzee Chande, "mila hiyo umeitoa wapi?"

"Ndiyo mila, kaka."

"Ni mila ya basi, hiyo. Siyo ya nyumba." Akajifuta mikono kwenye kikoi. "Mkaguzi, andika Chande. Ikulu hawawezi kukosa saa mbovu."

Bi Mgeni hakulia. Alikwenda ndani, akarudi na kanzu ya mumewe, shati la akiba na kile kioo cha jichoni akiwa amekifunga kwenye kitambaa. Akamfunga vifungo yeye mwenyewe, taratibu, kutoka chini kwenda juu, na alipofika cha shingoni akakifungua akakifunga tena. Bwana Nyange alisubiri. Alikuwa mtu mwenye adabu. Mzee akaja kwangu, akamwekea mtoto kidole kiganjani, mtoto akakikamata.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, baba."

"Basi."

Gari lilikuwa na wengine ndani, wazee wengi, na bibi arusi mmoja bado ana hina. Bwana Nyange alitushukuru kwa ushirikiano, akatutangazia kwamba sasa tuko kumi, namba nzuri. Mtoto tulimpa jina la babu yake, kwa sauti ya chini, kwa kuwa alikuwa bado si mtu.

Mwezi haukuisha ukatoka waraka wa tatu, uitwao wa Ufafanuzi. Profesa Tindwa aliusoma redioni. Alisema wapo wananchi walioelewa vibaya. Kumi na moja haikufutwa, maana huwezi kufuta kisichokuwepo, haijawahi kuwepo. Kaya zilizodhani zina idadi hiyo zilikuwa na watu kumi na wawili tangu zamani, ila zilihesabu vibaya, na serikali imewasamehe.

Hemedi akanitazama, nami nikamtazama. Kesho yake tukaenda mjini, dirisha la Malalamiko. Karani alikuwa msichana mpole, amesuka vizuri.

"Tumemfuata baba yetu, Chande," akasema Hemedi. "Alichukuliwa kupunguza kaya."

"Mlikuwa wangapi kabla hajachukuliwa?"

"Kumi na mmoja."

"Kaka, namba hiyo haipo."

"Wakati ule ilikuwepo."

"Haikuwepo. Ungekuwa umesikiliza redio." Hakuwa mkali. Alikuwa anatusaidia. "Kama haikuwepo, hakuna kaya iliyokuwa nayo. Kama hakuna kaya iliyokuwa nayo, hakuna mtu aliyepunguzwa. Mmenielewa?"

"Baba mkwe wangu yuko wapi?" nikauliza.

"Ndiyo nakueleza dada yangu. Hajaenda popote."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Kama hajaenda popote, si yuko nyumbani kwenu?"

Watu wa nyuma yetu walikuwa wengi, na wengine walikuja na nguo za kubadilisha za watu wao. Tukampisha anayefuata.

Tulipofika tulimweleza Bi Mgeni kila neno, kama lilivyosemwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka, akaenda kuangalia chumbani. Nilimfuata, sijui kwa nini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Alisimama pale, akapiga piga mto kidogo, akatoka kwenda jikoni.

Siku hizi mambo yametulia. Majirani wanasema funika kombe mwanaharamu apite, na wengi wamefunika. Nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kuoa wala kuolewa tangu wakati ule, tusije tukaharibu idadi. Mwanangu anakua. Bado ni Mtarajiwa, lakini ana meno yote, anakimbia, na shangazi Mwanakombo hamwachii mtu mwingine amwogeshe.

Ameanza kujifunza kuhesabu, kwa watoto wa shangazi wanaosoma. Juzi mchana, chakula kikiwa kimeshatengwa, alisimama katikati ya mkeka akaanza kutugusa vichwa. Alianza na Bi Mgeni, akazunguka, hakumruka mtu. Alipofika kwangu alisema kumi. Kisha akajigusa kifuani mwenyewe.

"Kumi na mbili," akasema. "Tuko kumi na wawili."

"Vizuri sana," akasema Hemedi.

Nilihesabu kimoyomoyo kwa ile hesabu ya zamani. Tulikuwa kumi na mmoja. Kumi na wawili ndivyo tungekuwa kama Mzee angekuwa amekaa nasi. Nadhani kila mtu pale alikuwa anafanya hesabu hiyo hiyo, maana hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sinia.

Bi Mgeni akasogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi upande wake wa kulia, akamwambia mtoto asimege mpaka wote wamekaa.